Viza ya siku 60, mionzi ya wiki nane: kumuuguza mama Chennai

SWALI

Shikamooni wa safu hii.

Mimi ni binti wa Tanga. Mama yangu amegundulika na saratani ya shingo ya kizazi, na familia imekubaliana akatibiwe Chennai, India. Hospitali imetuandikia kwamba atapigwa mionzi ya nje mara 25, siku tano kwa wiki, pamoja na dripu ya dawa mara moja kwa wiki, halafu mionzi ya ndani. Hatalazwa muda wote. Tutapanga chumba karibu na Greams Road na kwenda hospitali kila siku. Tumeshapata viza za mtandaoni, yeye ya mgonjwa na mimi ya msindikizaji, siku 60 kila mmoja. Tunaondoka mwishoni mwa Septemba kupitia Mumbai.

Mjomba anasema siku 60 zinatosha na chenji inabaki, na anataka tubebe fedha yote mkononi, dola taslimu. Kuna dalali wa wagonjwa anayesema tumwachie yeye kila kitu, chumba mpaka hospitali. Mama hagusi pilipili, na siku ikipita bila ugali anasema hajala. Kihindi sijui hata neno. Tena jirani anatushauri tukamwone daktari wa pili Vellore, eti ni karibu tu kwa treni. Naombeni mnipange, maana nyumbani kila mtu ana lake.

Binti wa Tanga

JIBU

Marahaba, mdogo wetu, na mama mpe pole nyingi.

Tuanze na siku, kwa sababu mjomba amehesabu mionzi peke yake, akasahau yanayoitangulia na yanayoifuata. Siku 60 zinahesabiwa tangu mnapogongewa muhuri uwanja wa ndege wa Mumbai, si tangu mama anapopanda kitanda cha mashine. Kabla ya mionzi ya kwanza daktari atamchunguza upya, atapigwa picha ya MRI, atapimwa damu na figo, na maabara yao itasoma upya kinyama cha uvimbe kilichokatwa huku nyumbani. Kisha kuna picha ya CT ya kupanga, ambayo ndiyo inayoonyesha mionzi ipite wapi na iepuke wapi, na ngozi inawekwa alama za wino. (Alama hizo zisisuguliwe na dodoki mpaka waseme.) Yote hayo yanakula siku kumi hadi kumi na nne bila mtu yeyote kuzembea. Baada ya hapo mara 25 ni wiki tano kamili ikiwa mashine haikuharibika na sikukuu haikuingia kati, na Deepavali huangukia Oktoba au Novemba, yaani katikati ya safari yenu. Mwisho inakuja mionzi ya ndani, kwa kawaida mara tatu au nne. Madaktari hutaka mionzi yote, ya nje na ya ndani, iishe ndani ya siku 56, kwa sababu ikirefuka uvimbe hupata nafasi ya kuota tena. Jumlisha 14 na 56, halafu ongeza siku chache za kuonana na daktari kabla ya kuruhusiwa. Mmeshapita 60.

Hili halina haja ya kuwatia hofu, ila lina haja ya kufanyiwa kazi mapema. Viza ya matibabu ya mtandaoni huweza kuongezwa hadi miezi sita kwa uamuzi wa ofisi ya usajili wa wageni, ambayo huko kila mtu huiita FRRO. Ya Chennai iko Shastri Bhavan, Haddows Road, si mbali na mtakapokaa, lakini ombi linaanzia kwenye tovuti ya e-FRRO. Unafungua akaunti, unajaza fomu, unapakia nyaraka, wao wanazikagua, wanakuandikia kwa barua pepe kama kuna kinachopungua, halafu kinakuja kiungo cha malipo kama kuna ada. Kadi za benki za kigeni mara nyingine hugoma kwenye hatua hiyo, kwa hiyo uwe na kadi ya pili. Ombi la mama na lako ni maombi mawili tofauti. Usidhani lake likipita lako limepita.

Nyaraka zenyewe ni pasipoti, viza pamoja na ukurasa wenye muhuri wa kuingia, picha yenye mandhari nyeupe, barua ya hospitali, na karatasi moja ambayo ndiyo inayokwamisha wengi: ile ambayo watu bado wanaiita C-Form. Kila anayelaza mgeni wa kigeni, iwe hoteli, gesti au nyumba ya mtu, anatakiwa kumwandikisha mtandaoni ndani ya saa 24 tangu afike. Gesti isiyofanya hivyo inakuacha ukiishi mahali ambapo kwa serikali hauishi, na FRRO haitakuwa na anwani ya kuilinganisha na ombi lako. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye gesti, kabla hata ya bei, ni kama anatoa C-Form na kama atakupa nakala. Akisema "tutaona", ondoka. Mkihama chumba katikati, mnahitaji nyingine ya anwani mpya.

Barua ya hospitali nayo isomeni kabla ya kutoka dirishani. Iwe na majina yenu wote wawili kama yalivyo kwenye pasipoti, namba za pasipoti, ugonjwa, tiba iliyokwishafanyika, tiba iliyobaki na tarehe wanayokadiria itaisha. Majina matatu ya Kitanzania huchanganywa sana huko: jina la babu linageuzwa la kwanza, au la kati linadondoka. Herufi moja ikitofautiana ombi linarudishwa. Ombeni barua hii mionzi ikifika kama ya kumi na tano, na tumeni ombi wiki tatu kabla ya siku 60 kuisha. Kupitiliza viza ni kosa la jinai, na pia huweza kumfungia mgonjwa mlango wa kurudi kwa uchunguzi, jambo ambalo mama atalihitaji.

Fedha sasa. Mjomba ana nia njema lakini mpango wake utagonga ukuta dirishani. Sheria ya kodi ya mapato ya India hairuhusu mtu kupokea taslimu rupia laki mbili au zaidi kwa mtu mmoja kwa siku moja au kwa muamala mmoja, na kuigawa bili moja vipande vipande hakusaidii. Bili ya mionzi itapita hapo. Njia iliyo safi ni kuhamisha fedha kutoka benki ya Tanzania moja kwa moja hadi akaunti ya hospitali, mkiandika namba ya mgonjwa kwenye maelezo ya malipo, na kubaki na nakala ya SWIFT, yaani hati ya benki inayoonyesha fedha zimetumwa. Tumeni malipo ya awali kabla ya kuondoka kwa sababu huchukua siku kadhaa kuonekana. Ulizeni pia, kwa maandishi, salio likibaki litarudishwa kwa njia gani na baada ya muda gani.

Dola za matumizi mnaweza kubeba. Noti za kigeni zikizidi dola 5,000, au noti pamoja na hundi za safari zikizidi dola 10,000, lazima zitangazwe kwenye fomu ya forodha mnapoingia. Rupia msinunue Dar. Kuingia nazo India kuna masharti, na zaidi ya hapo, noti ya rupia 2,000 iliondolewa kwenye mzunguko Mei 2023. Mtu akikuuzia bei nzuri, huenda ndiyo anayotaka kuiondoa mfukoni. Uwanjani badilisheni kidogo tu cha kufikia chumba, nyingine mjini kwenye duka lenye leseni, na kila risiti ya kubadilishia itunzwe. Siku ya kuondoka, bila hiyo hamrudishiwi dola.

Utaona msimbo wa QR hata kwa muuza madafu. Huo ni mfumo wa malipo ya simu wa UPI, kwa kawaida unafungwa kwenye akaunti ya benki ya India na laini ya huko, na kwa miezi miwili au mitatu haufai kuhangaikia akaunti. Tumia taslimu. Kinachosumbua ni chenji: noti ya 500 kwa kitu cha rupia 30 inaleta ugomvi asubuhi, kwa hiyo vunja noti kubwa dukani na kwenye duka la dawa, na za 10, 20 na 50 ziweke kwa ajili ya barabarani. Bili zao pia huweka mkato mahali usipozoea: 3,45,000 ni laki tatu na arobaini na tano elfu. Isome polepole kabla ya kusaini.

Laini ya simu inunueni kwenye duka la kampuni yenyewe, kama Airtel au Jio, si kibandani. Nenda na pasipoti, viza, picha na anwani ya gesti. Huweza kuchukua saa kadhaa au hadi kesho yake kuwaka. Laini yenu ya Tanzania msiizime: iwekwe huduma ya kutumika nje ya nchi kabla ya kuondoka, kwa sababu OTP za benki yenu, zile namba za siri za mara moja, zitakuja kwenye laini hiyo, na bila OTP kadi yako ni plastiki.

Kuhusu chumba, ukaribu una maana kubwa kuliko uzuri. Kwa mionzi ya nyonga, hospitali nyingi humtaka mgonjwa awe na kibofu kilichojaa: anakojoa, anakunywa maji kiasi wanachopanga, kwa kawaida kama nusu lita, anasubiri nusu saa au zaidi, ndipo anaingia. Kibofu kikijaa huusukuma utumbo mbali na mionzi. Sasa fikiria hilo ndani ya bajaji kwenye matuta, foleni ya jioni, mara 25. Chumba cha kutembea kwa mguu dakika tano kinamwokoa mama na mengi. Mitaa ya Greams Road na Thousand Lights imejaa gesti za wagonjwa. Triplicane ni rahisi kidogo na ina vyakula halali kila kona, ila sasa mnategemea usafiri. Kama mama ni mtu wa msikiti, ule wa Thousand Lights uko jirani hapo hapo.

Msilipe mwezi mzima siku ya kwanza. Lipeni siku mbili tatu, lala, sikiliza kelele, jaribu maji usiku, halafu ndipo uombe bei ya mwezi, ambayo huwa chini ya bei ya siku. Muulize kama umeme wa kiyoyozi unasomwa mita kando, kama lifti ina jenereta, kama choo ni cha kukaa (wiki ya nne mama hatakuwa na nguvu za kuchuchumaa), na kama jikoni wanaruhusu nyama na samaki. Nyumba nyingine haziruhusu kabisa, na utalijua hilo harufu ikishatoka. Plagi za huko zina pini za mviringo. Umeme ni volti 230 kama wetu, kwa hiyo adapta tu inatosha kwa simu, lakini jiko la umeme linataka soketi kubwa ya ampea 16, na adapta nyembamba huyeyuka. Jiko nunua huko huko. Maji ya bomba msinywe: agizeni dumu la lita 20 linaloletwa mlangoni, unaweka amana ya dumu mara moja, na hakikisheni kifuniko hakijafunguliwa.

Mama hatateseka kwa chakula kama anavyodhani. Sokoni Chennai utakuta ndizi za kupika, mihogo, kunde, choroko, nazi, bamia, na mchicha wa aina nyingi, kila fungu linaitwa keerai. Hata dagaa wakavu wapo, nethili karuvadu, kama mwenye nyumba ataruhusu. Ugali ndio kazi. Unga wa mahindi unaouzwa madukani, makki atta, ni wa njano na umesagwa laini kwa ajili ya mikate, ugali wake hunata. Unga mzuri zaidi kwa mkono wetu ni wa ulezi, ambao huko ni ragi na upo kila duka, kwa uji na kwa ugali. Wengine husonga rava, ngano iliyosagwa chenga, na inashika vizuri. Mchele chagua ponni au basmati. Usibebe ule wa idli (vikeki vyao vya mchele vya mvuke), hautapata pilau. Maziwa ya Aavin yanatofautishwa kwa rangi ya pakiti: bluu mafuta kidogo, kijani wastani, chungwa mazito.

Lakini ujue kwamba menyu hiyo itabadilika. Kuanzia kama wiki ya tatu mionzi ya nyonga huanza kuharisha wengi, na hapo ulezi, maharage, mboga za majani na maziwa ndivyo vinavyozidisha. Geukieni wali laini, uji wa mchele, ndizi mbivu, mtindi kidogo kama tumbo linaukubali, na idli tupu bila michuzi yake. Wali wa mtindi, thayir sadam, ni chakula cha wagonjwa cha kweli kule, ila mara nyingine hukaangiwa pilipili mbichi na mbegu za haradali juu, kwa hiyo agiza bila. Mtaalamu wa lishe wa hospitali mnamlipia ndani ya tiba au kwa bei ndogo: mtumieni. Na madafu, ambayo yatakuwa kila kona yakikuita, ulizeni kwanza. Yana potasiamu nyingi, na dawa ya dripu inayotumika sana kwa saratani hii, cisplatin, inagusa figo. Akiharisha zaidi ya mara nne kwa siku, au akipata homa ya nyuzi 38 wakati yuko kwenye dripu, msingoje asubuhi wala msinunue dawa dukani. Nendeni hospitali.

Kihindi usikisumbukie. Chennai ni mji wa Kitamil, na Kihindi kingekusaidia kidogo tu. Hospitalini Kiingereza kinatosha. Mtaani shika haya: kaaram vendaam, sitaki pilipili; thanni, maji; evvalavu, bei gani. Muuza duka mwite anna kama kaka, mwanamke mkubwa mwite akka kama dada. Wanapenda heshima hizo kama sisi. Bajaji patana bei kabla ya kupanda, au tumia programu ya simu na uchague kulipa taslimu. Mabasi ya mji ya kawaida ni bure kwa wanawake Tamil Nadu tangu 2021. Treni ya metro, njia ya bluu, inatoka uwanja wa ndege hadi kituo cha Thousand Lights bila kubadilisha, ila siku ya kufika na mabegi na mgonjwa chukueni teksi.

Mumbai mtapita uhamiaji na kuchukua mabegi yenu wenyewe, kisha kuyaingiza upya kwenye ndege ya ndani, ambayo inaweza kuwa jengo lingine, mbali kwa gari. Acheni saa tano kati ya ndege mbili kama tiketi ni mbili. Kiti cha magurudumu ombeni kwa shirika siku mbili kabla ya safari, ni bure. Begi la mkononi liwe na vioo vya hadubini vyenye sampuli na bloku ya nta ya kinyama cha mama kutoka maabara ya nyumbani, pamoja na CD za picha. Bila hivyo huenda akakatwa tena, na wiki imekwenda.

Oktoba hadi Desemba ndio msimu wa mvua Chennai, kinyume na sehemu nyingi za India, na mji huo hufurika. Chumba kisiwe cha chini kabisa. Redio ikitangaza kimbunga, wekeni maji ya siku tatu, tochi, chakula kikavu na dawa, na pateni namba ya idara ya mionzi muulize kama mashine inafanya kazi. Siku ikipotea kwa mvua, waulizeni wataifidia vipi, maana zile siku 56 haziongezeki. Chandarua au dawa ya mbu ni lazima, dengi ipo.

Vellore ni kweli si mbali. Treni za haraka kutoka Chennai Central hadi Katpadi, kituo cha Vellore, ni kama saa mbili, tiketi hufunguliwa siku 60 kabla, na kituoni kuna nafasi za watalii wa kigeni ukionyesha pasipoti. Tiketi ikiandikwa WL ni ya kusubiri na haikupi haki ya kupanda behewa la nafasi. Lakini maoni ya pili yana faida kabla ya mionzi kuanza. Ikishaanza, kila siku inayopotea njiani inamuumiza mama. Kama mnayataka, tumeni ripoti na picha sasa hivi, mkiwa bado Tanga.

Dalali mwacheni. Wengi hulipwa na hospitali au gesti kwa kila kichwa, na gharama hiyo hairudi kwenu kama punguzo. Hospitali yenyewe ina dawati la wagonjwa wa kigeni: waandikieni barua pepe, ombeni makadirio ya maandishi yanayotenganisha vipimo, mionzi ya nje, mionzi ya ndani, dripu, na vitu visivyomo. Dawa nazo, kila pakiti imepigwa chapa MRP, ambayo ndiyo bei ya juu kabisa kisheria. Linganisheni duka la hospitali na la nje, na zile za kawaida angalieni maduka ya Jan Aushadhi, mpango wa serikali wa dawa za bei nafuu.

Siku ya mwisho msiondoke na risiti tu. Ombeni muhtasari wa tiba unaoonyesha dozi ya mionzi kwa kipimo cha Gray, idadi ya mara, sehemu iliyopigwa, tarehe ya kwanza na ya mwisho, dozi za dripu, na ratiba ya kurudi kupimwa. Daktari wa Ocean Road au Muhimbili hawezi kupanga lolote bila karatasi hiyo, na kuiomba kwa barua pepe mkiwa Tanga huchukua wiki. Chukueni nakala mbili zenye muhuri, moja mpige picha na kuituma kwa mjomba.